Jukwaa la Zamani, Sedani Mpya na Haibridi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanunuzi wengi wa Corolla Axio, Fielder, Prius au Camry za haibridi, yaani zenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, zinazoagizwa kutoka Japani hushangaa wanapoelezwa kwamba Axio au Fielder iliyosajiliwa mwaka 2018 imejengwa juu ya muundo wa chini ulioanza kutumika mwaka 2005. Mshangao huo huzaa maswali, na mengi yake ni ya haki kabisa. Majibu yaliyomo hapa yanaegemea zaidi magari ya Toyota, kwa kuwa ndiyo yaliyojaa katika barabara za Kenya, Tanzania na Uganda, lakini mifano kutoka Marekani, Ujerumani na Meksiko imetajwa pale inapoeleza jambo kwa uwazi zaidi.

Jukwaa la gari ni nini hasa?

Ni sehemu ya gari ambayo mnunuzi haioni anapozunguka kulikagua: sakafu ya chuma, fremu ndogo ya mbele inayobeba injini, ukuta unaotenganisha injini na abiria, sehemu zinakofungwa shokapu na springi, nafasi iliyotengwa kwa ajili ya tangi la mafuta na, katika magari ya miaka ya karibuni, mpangilio wa nyaya na kompyuta zinazowasiliana ndani ya gari. Juu ya jukwaa moja mtengenezaji anaweza kujenga gari dogo la milango mitano, sedani, gari la mizigo na hata gari la familia lenye milango ya kuteleza. Baadhi ya vipimo, kama urefu wa sehemu ya nyuma, hubadilishwa bila taabu kubwa. Vingine, hasa umbali kati ya ekseli ya mbele na pedali za dereva, hugharimu sana kubadilishwa, na hivyo ndivyo vinavyoamua jukwaa ni lile lile au ni jipya.

Kwa nini kampuni zikae na jukwaa moja kwa miaka mingi?

Kwa sababu ya gharama. Jukwaa jipya hudai kalibu mpya, mitambo mipya ya kuchomelea, majaribio mapya ya ajali na mikataba mipya na watengenezaji wa vipuri, na fedha hizo hurudi pale tu magari mengi yanapouzwa kwa miaka mingi.

Je, jukwaa lenye umri mkubwa linaweza kweli kubeba sedani mpya?

Linaweza, na ushahidi upo mitaani kwetu. Jukwaa ambalo Toyota huliita B lilianza na Vitz ya mwaka 2005. Mwezi Mei 2012, miaka saba baadaye, Toyota ilizindua Corolla Axio mpya kwa soko la Japani na kuijenga juu ya jukwaa hilo hilo la gari dogo, badala ya lile kubwa zaidi lililobeba Axio iliyotangulia. Gari lilipungua urefu kwa milimita 50, kutoka 4,410 hadi 4,360, huku umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ukibaki milimita 2,600. Pamoja na hayo, nafasi ya magoti kwa abiria wa nyuma iliongezeka, kwa kuwa wahandisi walibana sehemu ya injini na kupanga viti upya.

Wapo walioliona hilo kuwa ni kuishusha hadhi Corolla. Hoja yao si ya kupuuzwa: sakafu ya gari dogo huleta mngurumo zaidi ndani, na ekseli ya nyuma ya aina ya boriti inayojipinda haitulii kwenye matuta kama ile yenye mikono huru kila upande. Lakini Axio ilikusudiwa kwa familia za Japani zinazoishi katika mitaa myembamba, na ilipaswa kubaki ndani ya daraja la magari madogo kisheria, yaani upana usiozidi mita 1.7. Ilikuwa na upana wa milimita 1,695. Corolla iliyouzwa katika nchi nyingine kuanzia mwaka 2013, yenye upana wa milimita 1,775, ilitumia jukwaa lingine kubwa zaidi. Anayezilinganisha hizi mbili kwa sababu tu zina jina moja anailaumu Axio kwa jambo ambalo haikuumbwa kulifanya.

Mfano wa Marekani una uzito zaidi. Ford Fusion ilianza kuuzwa mwaka 2005 juu ya jukwaa lililotokana na Mazda 6 ya mwaka 2002. Ilipofanyiwa marekebisho na kuongezewa toleo la haibridi kama gari la mwaka wa modeli 2010, jukwaa hilo lilikuwa tayari limekomaa, na bado Fusion Hybrid ilitunukiwa tuzo ya gari bora la Amerika ya Kaskazini kwa mwaka 2010.

Mfumo wa haibridi unadai nini ambacho injini ya kawaida haidai?

Hapa ndipo umri wa jukwaa unapoanza kuwa na maana, na inafaa kuyatazama madai hayo moja baada ya jingine.

Dai la kwanza ni nafasi ya mbele. Mfumo wa Toyota hauna giaboksi ya kawaida, bali kisanduku chenye mota mbili za umeme na seti ya gia za sayari, na juu yake hukaa inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa kuendeshea mota. Vyote hivyo vinapaswa kuingia katika upana ule ule uliotengwa kwa injini ndogo na giaboksi yake, na bado chuma cha mbele kibaki na nafasi ya kujikunja wakati wa ajali.

La pili ni breki na usukani. Gari la haibridi huzima injini mara kwa mara likiwa mwendoni, kwa hiyo haliwezi kutegemea mvuto wa hewa wa injini kusaidia breki, wala mkanda wa injini kuendesha pampu ya usukani na kompresa ya kiyoyozi. Jukwaa lililobuniwa wakati pampu ya usukani ilikuwa ya mafuta hulazimika kufumuliwa sehemu hiyo yote. Jukwaa B lilikuwa na bahati hapa, kwa sababu lilikuwa tayari limezoea usukani wa umeme.

La tatu ni kupoza. Inveta ina mzunguko wake wa maji ya kupozea, wenye tangi dogo na pampu yake ya umeme, na betri inahitaji feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari.

La nne ni betri yenyewe, uzito wake na mahali itakapokaa. Swali hili lina jibu lake hapa chini.

Axio Hybrid na Fielder Hybrid zilitoka mwezi Agosti 2013 na kuyakidhi madai yote manne bila fujo. Sababu ni kwamba kazi ngumu ilikwishafanywa na gari jingine: Aqua ya Desemba 2011, haibridi iliyojengwa juu ya jukwaa hilo hilo B. Injini ya lita 1.5 aina ya 1NZ-FXE, yenye nguvu farasi 74, mota ya nguvu farasi 61 na betri ya volti 144 vilihamishwa kutoka Aqua, na gari zima likawa na nguvu farasi 100. Familia ya injini hiyo ilianzia kwenye Prius ya kwanza ya mwaka 1997. Kwa maoni yangu hili ndilo jibu la msingi la ukurasa huu wote: jukwaa la zamani hubeba haibridi vizuri pale ndugu yake mmoja alipokwisha kulipa gharama ya kulitayarisha. Kwa Ford ilikuwa karibu hivyo: ilikuwa imeshauza Escape Hybrid tangu mwaka 2004, ingawa juu ya jukwaa lingine, kabla ya kuigusa Fusion.

Betri huwekwa wapi, na kwa nini lionekane jambo kubwa?

Kwa sababu mahali pa betri hueleza ukweli ambao matangazo ya biashara hayausemi. Camry ya haibridi ya kwanza, ya mwaka 2006, ilijengwa juu ya jukwaa ambalo halikuwa na nafasi ya betri kubwa. Betri ikawekwa nyuma ya kiti cha abiria, na buti likapungua waziwazi ukilinganisha na Camry ya petroli pekee. Camry iliyofuata mwaka 2011 ilibaki na mpangilio huo huo. Ni toleo la mwaka 2017, lililojengwa juu ya jukwaa jipya, lililohamishia betri chini ya kiti cha nyuma na kulirudishia buti ukubwa wake kamili. Dereva wa teksi anayepakia masanduku ya wasafiri uwanja wa ndege ataiona tofauti hiyo siku ya kwanza tu.

Katika Axio na Fielder mambo yalikuwa mazuri zaidi, kwa kuwa betri ni ndogo na inaingia chini ya kiti cha nyuma, karibu na tangi la mafuta. Buti halikuguswa. Kilichotolewa sadaka ni tangi: lita 36 katika haibridi dhidi ya lita 42 katika gari la petroli pekee. Kwa ulaji mdogo wa mafuta, upungufu huo hausumbui.

Je, kuna Axio Hybrid inayosukuma magurudumu manne?

Hapana. Magurudumu manne yalipatikana katika matoleo ya petroli pekee. Katika familia ya Prius, mota ya nyuma ilianza kutolewa Japani kwa Prius ya kizazi cha nne, ambayo ilikuwa na jukwaa jipya.

Kuna sedani ambazo jukwaa lao la zamani halikuwahi kupata haibridi?

Zipo, na maarufu zaidi ni Chrysler 300 na Dodge Charger. Jukwaa lao, lililochukua vipande kadhaa kutoka Mercedes-Benz enzi ambazo kampuni hizo mbili zilikuwa chini ya mwavuli mmoja, lilianza mwaka 2004 na kutumika katika kiwanda cha Brampton, Kanada, hadi Desemba 2023. Lilifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2011 na likabeba injini za silinda nane zenye nguvu ya kutisha, lakini katika karibu miaka ishirini halikutoa sedani ya haibridi hata moja. Sakafu imara na nafasi kubwa chini ya boneti havikutosha, kwa kuwa hapakuwa na gari la jamaa lililokwisha kugharimia mota, breki na inveta zinazolingana na jukwaa hilo. Charger mpya ilipokuja mwaka 2024, ilikuja na jukwaa lingine kabisa.

Volkswagen ilichukua njia ya kati. Jetta Hybrid ya mwaka 2012 ilitumia injini ya lita 1.4 yenye turbo na betri ndogo ya lithiamu, juu ya muundo uliotokana na Golf ya mwaka 2003, wakati ambapo Golf yenyewe ilikuwa inahamia jukwaa jipya. Ilikuwa sedani nyepesi na ya kuvutia kuendesha, ila haikudumu sokoni.

Vipi kuhusu usalama? Je, jukwaa la zamani ni hatari?

Swali hili ndilo ninalotamani kila mnunuzi aliulize kabla ya kuuliza habari za mafuta, na jibu lake linategemea mtengenezaji amefanya nini baada ya kanuni kubadilika.

Mwaka 2012 taasisi ya IIHS ya Marekani, inayogharimiwa na kampuni za bima, ilianzisha jaribio jipya ambapo robo tu ya upana wa mbele wa gari inagonga kizuizi kwa mwendo wa kilomita 64 kwa saa. Magari mengi yaliyosifiwa kwa usalama yalianguka jaribio hilo, Camry ikiwamo, ambayo ilipewa daraja la chini kabisa. Jukwaa lake halikuwahi kubuniwa kwa pigo la namna hiyo. Toyota ililiimarisha, daraja likapanda, na Camry iliyofanyiwa marekebisho makubwa kwa mwaka wa modeli 2015 ikapata daraja la juu, ingawa jukwaa lilikuwa lile lile. Kwa hiyo chuma cha zamani kinaweza kuongezewa nguvu, mradi mtengenezaji ana nia na mapato ya kulipia kazi hiyo.

Pale nia inapokosekana, matokeo ni ya kusikitisha. Nissan Tsuru iliyouzwa Meksiko ilikuwa sedani ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 iliyoendelea kutengenezwa karibu bila mabadiliko. Ilipopimwa na Latin NCAP, shirika linalopima usalama wa magari ya Amerika ya Kilatini, mwaka 2013 haikupata nyota hata moja, na uzalishaji wake ulikoma mwaka 2017. Watu walikuwa wanainunua ikiwa mpya kutoka dukani, na hilo linauma.

Kuhusu Axio na Fielder, marekebisho ya mwaka 2015 yaliongeza uwezekano wa kupata mfumo wa Toyota Safety Sense C, wenye kamera na mwale wa leza unaotambua gari lililo mbele na kusaidia kufunga breki. Si kila gari la mwaka huo au baada yake lina mfumo huo. Tazama kioo cha mbele nyuma ya kioo cha kati cha dereva: ikiwa hakuna kisanduku cha kamera, mfumo haupo.

Jukwaa jipya la Toyota lilileta faida gani ambayo la zamani lisingeweza?

Prius ya kizazi cha nne, ya Desemba 2015, ndiyo iliyofungua mfululizo wa majukwaa yanayoitwa TNGA. Toyota ilisema ugumu wa bodi uliongezeka kwa takribani asilimia 60. Ekseli ya nyuma ya boriti iliachwa na nafasi yake ikachukuliwa na mikono huru, na gari likashuka chini na kutulia zaidi kwenye kona. Katika kipimo cha Kijapani cha JC08, toleo lake linalobana mafuta kuliko mengine lilifikia kilomita 40.8 kwa lita, dhidi ya 32.6 za Prius iliyotangulia.

Hata hivyo, tusilipe jukwaa sifa zote. Sehemu ya akiba hiyo ilitokana na injini, ambayo ufanisi wake wa juu ulipanda kutoka asilimia 38.5 hadi 40, na sehemu nyingine ilitokana na umbo linalopasua hewa vizuri zaidi. Axio Hybrid ilipotoka, ikiwa juu ya jukwaa la 2005, ilitangazwa kwa kilomita 33.0 kwa lita katika kipimo hicho hicho. Ukitaka kuokoa mafuta, jukwaa la zamani linakutosha. Ukitaka utulivu wa mwendo wa kasi kati ya Nairobi na Mombasa au Dar es Salaam na Dodoma, tofauti ya jukwaa utaihisi mgongoni.

Je, jukwaa la zamani linaweza kubeba haibridi ya kuchomeka au gari la umeme kamili?

Kwa shida. Prius ya kuchomeka, yaani inayoweza kuchajiwa kwa umeme wa ukutani, ya mwaka 2012 ilibeba betri ya lithiamu ya kilowati-saa 4.4 juu ya jukwaa la Prius ya 2009, na safari yake kwa umeme pekee ilikuwa fupi. Ford Focus ya umeme ya mwaka 2011 ilikuwa na betri ya kilowati-saa 23 ambayo sehemu yake ililazimika kukaa ndani ya buti na kulimeza. Betri ya ukubwa huo inataka sakafu iliyobuniwa kwa ajili yake tangu mwanzo.

Ninataka kununua Axio Hybrid au Fielder Hybrid. Umri wa jukwaa utaniathiri vipi?

Kwa sehemu kubwa utakufaidi. Vipuri vingi vya chini, kama vile bushi, mikono ya mbele na shokapu, vina jamaa zake katika Vitz, Aqua na magari mengine ya jukwaa hilo, kwa hiyo maduka ya vipuri huvifahamu na ushindani hushusha bei. Angalia namba ya chesisi: NKE165 ni haibridi, NZE161 ni ya petroli yenye injini ya lita 1.5. Usinunue kipuri kwa kutaja jina la gari pekee, kwani vipuri vya matoleo hayo mawili havifanani vyote.

Nchini Kenya, ambako gari lililotumika haliruhusiwi kuingia likiwa limezidi miaka minane tangu mwaka wa usajili wake wa kwanza, Axio na Fielder zimeendelea kupatikana kwa sababu Toyota haikuacha kuziuza Corolla mpya ilipotoka Japani mwaka 2019, na zilibaki sokoni kama magari ya kampuni hadi 2025. Tanzania huruhusu magari ya zamani zaidi lakini huyatoza ushuru wa ziada, kwa hiyo piga hesabu ya kodi kabla ya kuvutiwa na bei ya mnada.

Unapolikagua, zingatia betri kuliko jukwaa. Tundu la hewa ya kupozea betri liko karibu na kiti cha nyuma, na katika maeneo ya vumbi huziba polepole bila dereva kujua. Gari lililobeba mizigo iliyofunika tundu hilo kwa muda mrefu huchosha betri yake mapema. Mwombe fundi mwenye kifaa cha kusoma kompyuta aonyeshe volti za vipande vya betri kimoja kimoja gari likiwa linaendeshwa, si likiwa limesimama.

Je, fundi yeyote anaweza kulishughulikia?

Breki za kawaida, bushi na mafuta ya injini, ndiyo. Nyaya za rangi ya chungwa, hapana. Betri ni ya volti 144, lakini mfumo hupandisha umeme huo hadi volti 520 kwa ajili ya mota, na nguvu hiyo huua. Fundi aliyesoma kazi hii huchomoa plagi ya usalama ya betri akiwa amevaa glavu za kuzuia umeme, kisha husubiri angalau dakika kumi kabla ya kugusa inveta. Ukimwona anaanza bila kufanya hivyo, mzuie.

Nichague haibridi ya jukwaa la zamani au gari la petroli la jukwaa jipya?

Kwa anayeendesha mjini kwenye foleni kila siku, ningechagua haibridi ya jukwaa la zamani iliyotunzwa, yenye marekebisho ya 2015 na kamera ya mbele. Foleni ndiyo mahali ambapo mota ya umeme hufanya kazi nyingi na injini hupumzika. Kwa anayesafiri mikoani mara nyingi, akiwa na abiria kamili na mwendo mrefu, ningemshauri achague jukwaa jipya hata kama litamgharimu zaidi kwenye mafuta, kwa sababu ya bodi imara zaidi, mwendo uliotulia na mifumo ya usalama ya kizazi cha karibuni. Na kama bajeti inaruhusu Prius ya kuanzia 2016, anapata vyote viwili, ila ahakikishe ekseli ya nyuma imekaguliwa vizuri, kwa kuwa ina bushi nyingi kuliko ile boriti ya zamani na barabara mbovu huzimaliza mapema.